Fundi wa vijembe na gari linalolala nje

Jua halijapanda juu ya Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, na ingawa kalenda inasema ni mwisho wa Aprili, magari yote ya mtaa yamefunikwa barafu. Mbele ya nyumba moja yenye mlango wa buluu, mwanamke aliyevaa sare ya wahudumu wa wagonjwa anakwangua kioo cha gari lake kwa kadi ya benki, kwa kuwa kikwanguo kilivunjika tangu Februari. Anaitwa Swafiya, na hana furaha.

Hatua chache kutoka hapo, ndani ya gereji yenye joto ambamo gari hilo lingepaswa kulala, mumewe Shee Alamin ameinama mbele ya jiliwa. Mkononi ana tupa ya kusugulia. Kwenye jiliwa kumebanwa mpini wa kisu, wa pembe ya ng'ombe, na Shee anajaribu kuuharibu.

Si mzaha. Fundi huyu wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, aliyelelewa katika kunyoosha vitu, asubuhi hii anatafuta namna ya kupinda kimoja na hapati.

"Tazama!" anasema akiuinua mpini kwenye taa. "Umenyooka tena. Nimeupinda kwa makusudi, nikenda kunywa maji, kurudi naukuta mkono wangu ushaunyoosha. Sijui nimefanya saa ngapi."

"Shee!" sauti inaingia kupitia chini ya mlango. "Shifti yaanza saa moja, na gari limekuwa jiwe! Hivyo visu vyako havistahimili baridi?"

"Havistahimili!" anajibu Shee. "Pembe hupasuka!"

Anajibu kwa dhati kabisa, na hapo ndipo anapokosea kila siku.

Shee hutengeneza visu vya kukunja vya mfukoni, vya namna iliyotumika zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wateja wake ni watu wazima wenye akili zao timamu, wastaafu wa posta, walimu na wahasibu, ambao kila kiangazi huvaa suruali za sufu na kofia za manyoya, wakapiga mahema kando ya mto na kuishi siku kadhaa kama wachuuzi wa manyoya waliopita Minnesota na mitumbwi zama hizo. Plastiki hawaitaki. Zipu hawaitaki. Ukitoa simu mbele ya hema lao wanakutazama kana kwamba umeingia msikitini na viatu.

Na mfukoni wanataka kisu cha zama hizo hizo. Bapa liwe la chuma cha kawaida kinachoshika kutu. Mpini uwe wa pembe, wa mfupa au wa mti, na mgongoni pawe na springi moja, yote yameshikwa na misumari iliyopondwa kichwa kwa nyundo. Skrubu ni haramu. Kufuli la kuzuia bapa lisirudi vidoleni nalo halimo, maana enzi hizo halikuwamo.

"Ndiyo maana utawaona wengi wamefunga plasta," anasema Shee, na yeye mwenyewe kidole cha shahada kimefungwa plasta.

Kisu kimoja anakiuza dola tisini, na kinamla saa kumi na mbili au zaidi. Ndiyo kusema hakuna anayeishi kwa kazi hiyo. Mkate wake anautafutia Plymouth, kwenye kiwanda kinachotoa vipande vya mashine za hospitali, na huko ndiko alikokutana na Lyle, Mmarekani mrefu, mpole, mmoja wa hao wa mahema, aliyekuwa akifanya kazi mashine ya jirani hadi alipostaafu.

Lyle ndiye aliyemletea kisu cha kwanza, majira sita ya baridi yaliyopita. Kilikuwa kimekufa springi. Springi Shee anazijua tangu utotoni, kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa kufuli na miavuli, na mwavuli uliovunjika si kitu kingine ila ugomvi wa springi.

"Nilikitazama nikacheka," anakumbuka. "Nikamwambia Lyle, hiki nakijua. Babu yangu alikuwa nacho, akichongea kalamu za matete za kuandikia. Sisi twakiita kijembe."

Neno hilo liwekwe akilini, maana ndilo lililomponza. Kwa wazee kama babu yake Shee, kijembe ni kisu kidogo. Kwa wanawake wa Pwani, kijembe ni neno la kuchoma linalorushwa kwa fumbo, jina halitajwi, lakini mwenye kurushiwa hulijua mara moja na usiku halali. Shee, ambaye husikia nusu ya anayoambiwa nyumbani, alibaki na ile maana ya kwanza tu.

Baada ya kisu cha Lyle kikaja cha rafiki yake Lyle, kisha cha rafiki wa rafiki. Mwishowe ikaja meza. Ni meza ya mwaloni, nzito, imetolewa kwenye karakana ya shule iliyofungwa, na ilihitaji wanaume wanne kuiingiza. Ilipoingia, gari lilitoka.

"Aliniambia ni kwa muda tu," anasema Swafiya.

Msomaji aliyeko Mombasa au Dar es Salaam pengine ataona kulaza gari nje si jambo la kumgombanisha mtu na mumewe. Basi ajue kwamba huku betri hufa usiku. Milango huganda ikakataa kufunguka. Kioo hukwanguliwa kabla jua halijatoka, na aliye na kazi ya kuzunguka majumbani kuwaogesha wazee na kuwapa dawa, kama Swafiya, hukwangua asubuhi, hukwangua mchana, na akirudi nyumbani hujua kwamba kesho atakwangua tena.

"Kutwa nzima nambembeleza bibi wa watu ale vijiko viwili vya uji," anasema. "Nikitoka, barafu. Nikifika kwangu, nita-park wapi? Nje. Vyuma viko ndani vyaota moto."

Vuli iliyopita uvumilivu wake ulifika mwisho, wakawekeana sharti. Kila Juni hufanyika kambi kubwa kuliko zote za hao wavaa manyoya, na fundi anayeuza pale hana tena shida ya wateja mwaka mzima. Lakini bidhaa hukaguliwa kwanza, na wakaguzi wana macho makali. Fundi hupewa nafasi tatu. Akikataliwa mara ya tatu, asirudi tena.

Shee alikuwa ameshakataliwa mara mbili. Mara ya kwanza ni skrubu mbili ndogo sana, ambazo aliamini hakuna binadamu atakayeziona. Iliwachukua wakaguzi sekunde chache kuziona. Kosa hilo analikubali. La pili ndilo linalompandisha presha hadi leo.

"Mara ya pili walisema visu vyangu ni vizuri mno," anasema, na anaiweka tupa chini ili mikono yote miwili iwe huru kulalamika. "Vizuri mno! Yule mama mkaguzi akaniambia, hakuna mchuuzi wa manyoya aliyewahi kumiliki kisu kama hiki. Nimekataliwa kwa uzuri. Umepata kusikia jambo hilo, wewe?"

Mama huyo anaitwa Gretchen, mwalimu mstaafu, na jina lake hutajwa katika nyumba hii kama watu wanavyotaja mvua iliyowaharibia harusi.

Sharti basi lilikuwa hili. Mara ya tatu akipita, meza inabaki. Akikataliwa, meza inatoka, gari linaingia kabla ya theluji ya mwaka huu, na Jumamosi zake Shee anazitia kwenye ovataimu kiwandani. Swafiya aliona ni haki. Shee naye aliona ni haki, na ndiyo maana aliogopa.

"Kule Plymouth nabonyeza kitufe," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti inashuka. "Taa ikiwaka kijani, nabonyeza. Mashine ndiyo fundi, mimi ni kidole chake. Nikitolewa hapa mezani, nitakuwa kidole mpaka nizeeke."

Watu wa kwao hawakumsaidia. Kila Idi ikikaribia, nusu ya wake wa Pwani waliohamia hapa humletea visu vya jikoni anoe, bure, na leo leo. Vijana humwomba kisu kinachoruka wazi kwa kubonyezwa, kama cha majambazi wa sinema. Kiprop, jirani yake, mwuguzi na mtu mwema kabisa, kila mwaka humwuliza kama anaweza pia kuitazama mashine yake ya kukatia nyasi. Kisu cha mfukoni cha karne ya kumi na nane, hakuna hata mmoja aliyekitaka.

Hapo ndipo Swafiya, pamoja na hasira zake zote, alipoamua kumtafutia mumewe wanunuzi. Vile visu vilivyokataliwa kwa uzuri vilikuwa vimejaa sanduku chini ya kitanda. Jioni moja kabla ya Ramadhani alirekodi ujumbe wa sauti, akautuma kwenye kundi la wanawake wa Pwani la WhatsApp, akazima simu na kulala, maana alikuwa ametoka shifti mbili mfululizo.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Jamani, Shee wangu atengeneza vijembe. Kila kimoja mbali, hapana viwili sawa, na vikali. Atakaye amwambie mwenyewe avitakavyo."

Kundi liliwaka. Wanawake walistaajabu. Shee, yule asiyeongea harusini, yule anayekaa na sahani yake pembeni, kumbe ni mtunzi! Wengine walicheka, wengine walisema ndio watu wa kimya walivyo. Fatimah hakucheka wala hakusema kitu. Fatimah alikuwa na haja.

Fatimah ana duka la leso na manukato huko Cedar-Riverside, chini ya yale maghorofa ya karibu na chuo kikuu. Mwezi mmoja kabla, kwenye harusi ya binti yake, alipika biriani kwa mkono wake, siku mbili hakulala. Walipomaliza kula, wifi yake Mwanakombo, dada wa mumewe, alinawa mikono, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya kusikika: "Alhamdulillahi. Leo tumekula wali."

Wali! Asiyejua atadhani ni sifa. Fatimah alijua, wageni walijua, na tangu siku hiyo alikuwa akitafuta la kujibu asilipate. Alipousikia ujumbe wa Swafiya aliona Mungu amemletea mtu. Akamtumia Shee ujumbe wake wa sauti, ambao Shee anao hadi sasa kwenye simu, na anaucheza mbele ya mwandishi kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Shee, nataka kijembe kimoja," inasema sauti ya Fatimah. "Kiwe kifupi, kiwe kikali. Jina usilitie, lakini akikiona ajijue. Na ukifumbe vizuri, sitaki kitu kilichokaa wazi wazi. Kikiwa tayari mpelekee Mwanakombo mwenyewe. Akiuliza, mwambie kimetoka kwangu."

Shee anaizima simu. "Sasa niambie, kosa langu ni lipi? Kifupi. Kikali. Kisitiwe jina. Kifumbe vizuri. Hayo si maagizo ya fundi hayo?"

Alifanya kama alivyoagizwa. Pembe nzuri zilikuwa zimeisha, akachukua ncha iliyobaki ya ng'ombe wao wa Idi iliyopita, imepinda na ina mstari mweupe ubavuni. Springi aliikata kwenye msumeno wa zamani. Hakupiga muhuri wake, kwa kuwa aliambiwa jina asilitie. Hakusugua wala hakung'arisha, kwa sababu Fatimah alikuwa akimpigia simu kila siku kumharakisha, akiuliza, "Bado hakijakuja?" Kazi pekee aliyoifanya kwa makini ilikuwa kukifumba. Bapa liliingia mpinini likatulia, hata wembe usingepita katikati.

Kisha akakifunga. Kwa kuwa wateja wake hawataki plastiki, hufunga visu vyake kwa kitambaa, na kitambaa alichokuwa nacho nyumbani kilikuwa bafta nyeupe. Akakitia kwenye boksi dogo, akaandika jina la Fatimah kwa nje, akakipeleka posta.

Mwanakombo alilifungua boksi hilo jikoni kwake, peke yake. Alitoa bafta nyeupe, ile ile wanayokatiwa maiti, na ndani ya bafta akakuta kisu. Alimpigia simu kaka yake, mume wa Fatimah, akiwa bado amekishikilia.

"Kaka," alisema, "mkeo ameniletea kisu na sanda."

Yaliyofuata Shee anayasimulia amefumba macho. Mume wa Fatimah alirudi nyumbani amesawijika. Fatimah, aliyekuwa dukani akisubiri kusikia neno lake limepenya vipi, hakuelewa anaulizwa nini kuhusu sanda. Alipoelewa, alimpigia Swafiya, na Swafiya akamwekea Shee simu kwenye spika.

"Nilimwambia mumeo anitungie neno!" Fatimah alipiga kelele. "Yeye kanitengenezea jinai!"

"Ulisema kikali," alijibu Shee.

Swafiya anasema siku hiyo hakujua acheke au arudi kwao. Alicheka kwanza, kisha akalia, kwa sababu ujumbe ulikuwa wake. Ramadhani nzima wifi hao wawili hawakufuturu pamoja, na ndugu wakagawanyika, wa kisu na wa wali. Idi ilipopita, Swafiya aliwaalika wote wawili chai, Jumamosi, awaombe radhi na jambo liishe.

Kitu ambacho Shee hakumwambia, kwa kuwa alisahau, ni kwamba Jumamosi hiyo hiyo ndiyo aliyowapa Lyle na Gretchen waje kukagua visu kwa mara ya tatu.

"Alisahau," anasema Swafiya. Analirudia neno hilo hilo.

Basi Jumamosi ile wageni wa chai walikuwa wamekaa sebuleni, Fatimah kwenye kochi hili na Mwanakombo kwenye kochi lile, hawatazamani. Katikati kulikuwa na birika, sahani ya mahamri, mbaazi za nazi, na kile kisu. Mwanakombo alikuwa amekiweka kwenye sinia, juu ya bafta yake, kila mtu akione. Hakuna aliyekigusa. Nyumbani kwao wote walifundishwa kwamba kisu hakipokezwi mkono kwa mkono, mtagombana, na hawa walikuwa wameshagombana vya kutosha.

Mlango ukagongwa. Akaingia Lyle, na nyuma yake Gretchen amevaa gauni la sufu linaloburura na kofia nyeupe ya kufunga kidevuni, maana alikuwa anatoka kuonyesha historia shuleni.

"Na huyu?" Mwanakombo alinong'ona. "Ni sista wa kanisa?"

"Ni wa visu," alisema Swafiya kwa uchovu.

Shee aliwapitisha haraka hadi gereji. Mezani alikuwa ametandaza visu vitatu alivyoshinda navyo miezi. Safari hii alikuwa amejitahidi viwe vichakavu: alivilaza kwenye siki, akavichemsha kwenye chai ya rangi, akavipaka masizi. Gretchen aliviinua kimoja kimoja. Alifungua, akafunga, akapitisha dole gumba kwenye mpini. Kisha akatikisa kichwa.

"Umevichakaza," alisema kwa upole. "Lakini chini ya uchakavu ni vile vile. Hivi ni visu vya bwana mkubwa, Shee. Samahani."

Shee anakiri kwamba aliishika meza kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia isitolewe wakati huo huo. Lyle aliangalia viatu vyake.

Aliyesema ni Swafiya, akiwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote, na gereji ilikuwa imerudi kuwa yake. Lakini mgeni ni mgeni. "Waambie waje wanywe chai," alisema. "Hawatatoka kwangu midomo mikavu."

Ndivyo Gretchen alivyoingia sebuleni, akakaa na gauni lake zito katikati ya wifi wawili wasiosemezana, akapewa hamri, akaishika, na akaona kile kisu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kutokigusa. Alikichukua, akakifungua kwa ukucha, na springi ikalia. Akakifunga. Akakisogeza dirishani. Kisha akamgeukia Shee, karibu ana hasira.

"Hiki ulikificha kwa nini?"

"Hicho si cha kambi," alisema Shee. "Hicho ni cha ugomvi."

Gretchen hakuelewa, naye hakujali. Alisema kwamba hiki ndicho. Kimepinda kwa sababu pembe yenyewe ilipinda. Hakina muhuri, hakina urembo, kinafunga barabara basi. "Kimetengenezwa na mtu mwenye haraka, kwa pembe aliyokuwa nayo," alisema. "Hivyo ndivyo vilivyokuwa. Niruhusu nikawaonyeshe wenzangu."

Mkono ulikuja juu ya kisu. Ulikuwa wa Mwanakombo, na ulikuwa na hina ya Idi.

"Hiki changu," alisema.

"Mpe mama wa watu kisu, wifi," alisema Fatimah, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa wifi yake tangu harusi.

"Sitoi. Nimeletewa mimi, na jina la aliyenipa liko kwenye boksi. Wewe ulitaka kunipa neno, hata kulitunga ukatafuta fundi." Mwanakombo alikikunja kisu taratibu. "Neno hujalipata bado. Mimi nina kisu."

Swafiya aliushika mdomo. Shee alidhani sasa ndiyo imekwisha. Uso wa Fatimah ulifura, halafu kicheko kikamponyoka, cha hasira, lakini kicheko.

"Haya," alisema. "Na ule wali, Mwanakombo? Siku ile uliongeza mara ngapi?"

Mwanakombo alikunywa chai. "Mara tatu," alisema.

Gretchen ilimbidi aridhike na picha. Alitoa simu iliyokuwa imefichwa ndani ya gauni lake la karne ya kumi na nane, akakipiga picha kisu kikiwa mkononi mwa mwenyewe, pande zote, na Mwanakombo akakigeuza kila alipoombwa kama anayeonyesha pete. Siku chache baadaye Lyle alipiga simu. Shee amepita. Nafasi ya Juni ni yake, kwa sharti moja: visu atakavyoleta viwe kama kile.

Na hiyo ndiyo balaa ya asubuhi hii. Kama kile hakiji. Mwanakombo anakimenyea maembe na hataki kukiazima, kwa hiyo Shee akitaka kukitazama hulazimika kwenda kwake, akaketi, akalishwa, akaulizwa habari za kila mtu, ndipo aonyeshwe. Akirudi mezani, mkono unafanya vizuri. Amejaribu kujiharakisha na saa ya kengele. Amejaribu kufanya kazi akiwa na njaa. Swafiya amemshauri avitengeneze wakati yeye anamgombeza, na Shee anakubali, kwa shingo upande, kwamba viwili pekee vilivyopinda sawasawa vilitoka asubuhi ambazo betri ilikufa.

"Nina mipini kumi imenyooka," anasema. "Nani atanihurumia kwa hilo? Ukimwambia mtu tatizo lako ni kwamba kazi yako ni nzuri, anakuona wajigamba."

Mlango wa gereji unafunguka. Swafiya anaingia, vidole vimekuwa vyekundu, anavinyoosha mbele ya kipasha joto. Sharti alishindwa kihalali na hajalirudia tena. Anamtazama mumewe, anakitazama kisu kilicho mkononi mwake, kisha macho yanapita polepole juu ya ile meza ya mwaloni iliyojaza nafasi nzima ya gari.

"Hebu nikuulize," anasema. "Hicho kisu chakunjika?"

"Chakunjika. Msumari mmoja na springi. Tazama."

"Na kile kiti Lyle alichokupa cha kambini?"

"Nacho chakunjika."

"Na hema?"

"Hema pia lakunjika. Kwani vipi?"

"Hapana, nauliza tu. Miaka sita hii, mashaallah, hakuna usichojua kukikunja." Anavaa glavu zake. "Haya, nachelewa."

Gari linakohoa, linakubali, linaondoka. Shee anarudi kwenye tupa. Anasugua kidogo. Anasugua tena. Halafu mkono unasimama, anaiangalia meza, anauangalia ukuta, anaiangalia meza tena, na uso wake unabadilika taratibu kama wa mtu aliyekumbuka maji aliyoyaacha jikoni yakichemka.

Muda mfupi baadaye yuko magotini chini ya meza na utepe wa kupimia. Anaongea peke yake, haraka haraka: miguu ya mbele iingie ndani, upande wa nyuma ushikwe ukutani kwa msumari mmoja mnene, springi ya chuma chini yake iushikilie usianguke. Mchana meza, usiku inapandishwa ukutani. Gari litaingia, na hata nafasi ya kufungua mlango itabaki.

Anataka iwe imekamilika akishatoka kambini, kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Shee hatamwambia Swafiya. Atanyamaza tu, na asubuhi moja ya Novemba gari litatoka ndani likiwa kavu, na yeye atakuwa amesimama pembeni hasemi kitu, kama watu wa kimya walivyo.

"Miezi yote hii wananiambia vijembe mimi sivijui," anasema kutoka chini ya meza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Kile cha Swafiya kilikuwa kifupi, kikali, kimefumbwa vizuri. Jina langu hakulitia. Lakini nimejijua."